Kitabu Kilichofichwa Kwenye Unga: Je, Ni Dhambi Mfiwa Kusoma Vitabu vya Faraja?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Baba Padri. Mimi ni mama wa watoto wanne, sasa watatu. Nakaa kijijini, wilaya ya Newala. Mwanangu wa kwanza alifariki mwezi wa nne akiwa kidato cha tatu, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Muuguzi mmoja alinipa kijitabu cha Kikristo cha kuwafariji wafiwa, nikawa nasoma ukurasa mmoja mmoja usiku. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi alipokiona akasema imani yangu imepungua, Biblia yatosha, vitabu vya wanadamu havina kazi. Wiki iliyofuata akaniletea kitabu cha mtumishi anayemfuata yeye. Humo imeandikwa kwamba mzazi anayelia baada ya mazishi anaifungulia mlango roho ya mauti, na kwamba mtoto wa mwamini hafi kabla ya wakati ila mzazi awe amekiri udhaifu kwa kinywa chake. Ukurasa wa mwisho una namba ya kutuma sadaka ya mbegu ya kuufunga mlango huo, shilingi laki tatu. Sina. Mwenyekiti anasema niweke ahadi kwenye korosho za msimu ujao. Kile kijitabu cha kwanza nimekificha kwenye ndoo ya unga. Je, ni dhambi kukisoma? Na hiki cha pili kinasema kweli? Mume wangu haongei, kulia hajalia, anashinda shambani akipalilia pale alipokwisha kupalilia. Nisaidie.

JIBU

Mama yangu, pole. Pole sana. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mara mbili nilianza kuandika, nikajiona naandika kwa hasira, nikaweka kalamu chini. Hasira hiyo haikuhusu wewe. Sasa imepoa kidogo, ingawa utaiona bado ina makaa.

La kwanza lina jibu fupi. Kusoma kijitabu kile si dhambi. Kisome.

Anayekuambia "Biblia yatosha" ametamka neno la kweli akalitumia vibaya. Tena yeye mwenyewe hakulisadiki, maana juma lililofuata tu alikuletea kitabu. Kumbe vitabu vya wanadamu haviwi kosa vikiwa vya mtumishi wake. Basi tumuulize Paulo. Yuko kifungoni, amekwisha kusema kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na anamwagiza Timotheo: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Mtume anayesubiri kufa anataka nguo ya baridi na vitabu. Na yule towashi wa Kushi alikuwa na chuo cha nabii Isaya mikononi, Neno lenyewe, akamjibu Filipo, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo hakumwambia funga chuo uombe. Alipanda garini akakaa naye.

Sisi Waanglikana wa Masasi ndio tungekuwa wa mwisho kulisahau hili. Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, alipokuja huku mwaka 1876 alikuja na watu waliokombolewa utumwani, watu waliokuwa wamepoteza mama zao, baba zao, hata majina ya vijiji vyao. Huyo huyo ndiye aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Watu wale walifundishwa Zaburi, sala na nyimbo kwa lugha wanayoielewa, na yote hayo yalipita kwenye mikono ya binadamu mwenye wino vidoleni. Mimi nyumbani nina vitabu vilivyochapwa na Wabenediktini wa Ndanda, Wakatoliki wale, na siku ya msiba sijawahi kukiuliza kitabu kilibatizwa wapi.

Hilo limekwisha. Sasa hiki cha pili.

Kinasema kulia ni kufungua mlango. Bwana wetu alikuwa anakwenda kwenye kaburi la Lazaro, akijua kwamba baada ya dakika chache atamwita atoke, na bado akalia machozi. Alifungua mlango gani? Stefano alipouawa, Matendo ya Mitume inasema watu watauwa ndio waliomzika, wakamfanyia maombolezo makuu. Watauwa, mama! Si wale wachanga wa imani. Najua watakuletea Wathesalonike wa kwanza, sura ya nne: "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Wanausoma mstari huu kama mtu anayekula kokwa akatupa bibo. Paulo hakusema msihuzunike akaweka nukta. Alisema msihuzunike kama wasio na matumaini. Ipo huzuni yenye matumaini, na hiyo nayo ina kamasi, ina macho mekundu, ina usiku wa kukaa kitandani umeshika shati la shule la mtoto.

Watakuletea na Daudi, kwamba mtoto wake alipokufa alioga akala. Ni kweli. Lakini waambie wageuze kurasa chache mbele wamwone Daudi huyo huyo akipanda chumba cha juu ya lango, akilia, "mwanangu, Absalomu, mwanangu, mwanangu." Mtu mmoja, vifo viwili, namna mbili za kufiwa. Anayechukua siku moja ya Daudi akaifanya sheria kwa mama wa Newala, huyo hajamsoma Daudi.

Na kuna mama mmoja kwenye Biblia ambaye sijasikia akihubiriwa kwenye mikutano yao. Anaitwa Rizpa. Habari zake ziko katika Samweli wa pili, sura ya 21. Wanawe wawili waliuawa, maiti zao zikaachwa wazi. Akachukua gunia akalitandika mwambani, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ilipowanyeshea, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Hiyo ni miezi. Hakuna nabii aliyetumwa kumwambia mama, imetosha. Habari zilipomfikia mfalme, mfalme ndiye aliyeinuka akaenda kuwazika wafu kwa heshima, na Maandiko yanasema baada ya hapo Mungu akaombeka kwa ajili ya nchi. Kulia kwake hakukuleta mauti. Kuliwaamsha wakubwa waliokuwa wamelala.

Kisha hilo la kwamba mwanao alikufa kwa sababu ya kinywa chako. Hapa ndipo kalamu yangu ilipotaka kupasuka. Wanafunzi walimuuliza Bwana habari za kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akakataa yote mawili. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, akajijibu, sivyo. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika kwa utulivu kabisa, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Yaani alimwacha mgonjwa akaendelea na safari. Je, Paulo alikosa kukiri? Figo za mwanao ziliugua kama macho yanavyougua na meno yanavyong'oka. Ulimpeleka hospitali, ulikesha, ulipika uji akautapika ukapika mwingine. Hata kama siku moja ulisema "jamani, naona mtoto anazidiwa", hukumuua. Ulisema ulichokiona.

Nataka nikuambie na langu, maana sisemi haya kama mtu asiyewahi kukosa. Nilipokuwa shemasi kijana nilihubiri kwenye mazishi ya mtoto mchanga. Nilikuwa nimeandaa mahubiri mazuri: Mungu ana bustani, akiona ua zuri analichuma. Nilipofika kwenye hilo neno la ua kuchumwa, mama wa mtoto aliinuka kwenye mkeka, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Hakugeuka. Mzee mmoja Mwislamu, jirani yao, aliyekuwa ameshinda na jembe akichimba kaburi, aliniambia baadaye kwa upole, "Mwanangu, ungesema pole tu." Tangu siku hiyo najichunga. Hata lile la "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", tunalolirusha matangani kama mchele harusini, Ayubu alilisema kwa kinywa chake juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani aliyefika na kilo mbili za sukari. Marafiki zake walikaa naye chini siku saba bila neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipoanza kueleza sababu, mwisho wake Mungu aliwakasirikia wao.

Kitabu cha faraja ukipime hivyo hivyo, kama mtu aliyekuja matangani. Ameketi, au amesimama anakutolea hotuba?

Kuna mwandishi mzaliwa wa Ireland, C. S. Lewis, Mwanglikana kama sisi. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha kueleza kwa nini Mungu mwema anaruhusu maumivu. Hoja zake zimenyooka kama fito. Miaka 20 baadaye, Julai 1960, mkewe akafa kwa saratani. Akaandika kitabu kingine, chembamba, kikatoka 1961 kwa jina la kubuni, N. W. Clerk. Humo mwanamume yule yule aliyejua majibu anasema alimwendea Mungu katika shida yake akakuta mlango umebamizwa usoni pake, na ndani makomeo yanafungwa. Hakuficha. Kurasa zikienda anaanza kukiri kwamba ukimya ule si wa mlango uliofungwa, ni kama wa mtu anayekutazama kwa huruma bila kusema. Mimi navisoma vyote viwili, lakini kwenye nyumba ya msiba nimewahi kupeleka kimoja tu, nawe unajua ni kipi. Paulo ameeleza sababu: Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja ile ile tuliyoipata sisi. Mwandishi ambaye hajafarijiwa anagawa nini?

Kwa hiyo ukishika kitabu cha namna hii, tazama kama kina nafasi ya Zaburi ya 88. Ndiyo zaburi inayoanza kwa kilio ikaishia gizani, "nao wanijuao wamo gizani", haina hata mstari wa mwisho wa kushangilia, na Mungu ameiacha vivyo hivyo ndani ya kitabu chake. Kitabu kinachoona aibu na zaburi hiyo kitakuonea aibu na wewe. Mengine ni madogo. Vingi vya faraja vilivyoko kwa Kiswahili ni tafsiri, nimewahi kukutana na kimoja kinachomshauri mjane atembee na mbwa wake kwenye theluji. Hapo cheka, ruka ukurasa, endelea. Usisome kama dozi, kutwa mara tatu. Siku ukishindwa, acha. Siku ukipata mstari mmoja tu, kaa nao.

Juu ya laki tatu. Kangomba sote tunaijua huku Kusini: mtu anakuja wakati wa njaa, anakupa vijisenti, anazichukua korosho zako zingali mtini. Serikali imeipiga marufuku, na wakulima tunailaani. Sasa hii ni nini kama si kangomba iliyovaa joho? Tena ya shambani inakupa japo vijisenti. Hii inakuja wakati wa msiba, inachukua korosho ambazo hazijatoa hata maua, na inakuachia hofu. Hakuna mlango wa kufunga. Aliye na funguo za mauti ni Kristo, amesema mwenyewe katika Ufunuo, na hazikodishwi. Usiweke ahadi. Kama umekwisha kuiweka, haikufungi, maana uliitoa kwa kutishwa. Mimi kama padri wako nakuambia hivyo, na mwenyekiti akitaka aje kwangu. Fedha za mnada wa korosho zikitoka, hao watoto watatu wana madaftari, sare na michango ya chakula shuleni.

Bado kuna wewe mwenyewe. Hukuandika kama unalala. Ukiona majuma yanapita usingizi hauji, chakula hakishuki, au likakujia wazo la kumfuata mwanao, nenda kituo cha afya uwaambie hivyo hivyo, bila kuzunguka. Eliya alilala chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumletea somo. Alimletea mkate uliookwa na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena.

Na mzee wako. Umeandika kwamba hajalia. Mama, mtu anayepalilia mahali palipokwisha kupaliliwa analia. Huko kwetu mwanamume hufundishwa tangu jandoni asitoe chozi mbele za watu, basi jembe linalia badala yake. Usimpelekee kitabu, usimwambie aongee. Kesho asubuhi chukua jembe lako, muhogo wa kuchemsha na maji, nenda ukapalilie mstari wa pembeni yake. Mkifika kwenye kivuli mle. Akinyamaza, nyamazeni wote. Huenda siku ya tano au ya kumi akalitaja jina la mtoto. Akilitaja, usimkimbilie na mstari wa Biblia. Mwache aseme.

Kijitabu cha muuguzi kitoe kwenye ndoo, kikung'ute unga, ukiweke juu ya Biblia mahali panapoonekana na kila anayeingia. Hicho kingine usikichome. Kifunge kwenye gazeti, mpe anayekuja Masasi aniletee. Nataka kusoma ukurasa ule wa mwisho kwa sauti mbele ya mapadri wenzangu tutakapokutana.