Kwa Mnaoanza Tasnifu Kuhusu Marekani ya Miaka ya 1960

Nimemaliza kusoma rasimu za kwanza za mwaka huu, na nimekutana tena na sentensi ambayo nimekuwa nikiizungushia kalamu nyekundu tangu nianze kusimamia wanafunzi wa historia. Inasema kwamba Martin Luther King alihutubia mjini Washington mwaka 1963, taifa likaguswa, na mwaka uliofuata ubaguzi ukapigwa marufuku kwa sheria. Inatoka kwa wanafunzi wazuri, wanaosoma kwa bidii na wanaoupenda muongo huu kama ninavyoupenda mimi, na ndiyo maana inaniuma. Nimeona niwaandikie ninyi mnaoingia sasa, kabla mapendekezo yenu ya utafiti hayajapita kwenye jopo, kwa sababu kosa likishakaa sura ya kwanza huzaa hadi sura ya tano.

1. Kila dai liwe na tarehe yake. Wanafunzi wanne walioketi kwenye kaunta ya chakula ya weupe tu katika duka la Woolworth's mjini Greensboro tarehe 1 Februari 1960 walikuwa na matumaini, mbinu na maadui tofauti na kijana aliyekuwa mitaani Detroit wakati wa machafuko ya mwezi Julai 1967. Mkiandika "Waamerika weusi wa miaka ya 1960 walitaka" bila kutaja mwaka na mji, nitawarudishia ukurasa.

2. Hotuba haipitishi muswada. Hapa nitakaa, na naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa ndipo tasnifu nyingi huvunjikia.

Kennedy alipeleka muswada wa haki za kiraia bungeni mwezi Juni 1963, zaidi ya miezi miwili kabla ya maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti, ambako King alihutubia. Kwa hiyo muswada haukuzaliwa na hotuba. Hotuba iliukuta muswada tayari njiani, ukiwa umesukumwa na yaliyotokea Birmingham, Alabama, mwezi Mei, pale polisi walipowaelekezea watoto mipira ya maji na mbwa. Maandamano yenyewe, yaliyokusanya watu wapatao 250,000, yaliitishwa kwa ajili ya kazi na uhuru, na kazi ndiyo iliyotajwa kwanza. A. Philip Randolph, mzee wa vyama vya wafanyakazi aliyeyaongoza, na Bayard Rustin, aliyeyapanga, walidai pamoja na mengine kima cha chini cha mshahara kisichopungua dola 2 kwa saa, wakati sheria iliyokuwapo ilisema dola 1.15. Mwanafunzi anayeanza na hotuba huliruka dai hilo, na akishaliruka hawezi tena kuona kwamba sheria ya 1964 ilijibu sehemu moja ya madai na kuiacha nyingine vilevile.

Halafu fuateni muswada chumba kwa chumba. Katika Baraza la Wawakilishi ulikwama kwa Howard Smith wa Virginia, mwenyekiti wa kamati iliyopanga muswada upi ujadiliwe na lini, ambaye aliukalia mpaka ikawapo hatari ya wajumbe kumnyang'anya kwa saini. Ni Smith huyohuyo, mpinzani wa muswada, aliyependekeza tarehe 8 Februari 1964 kwamba ubaguzi wa kijinsia uongezwe katika sehemu ya ajira. Wapo wajumbe waliocheka, lakini wanawake wa Baraza walisimama kuitetea hoja, ikapita kwa kura 168 dhidi ya 133. Wanawake wa Marekani wamekuwa wakienda mahakamani na kifungu hicho hadi leo. Siku mbili baadaye muswada ukapita kwa kura 290 dhidi ya 130.

Seneti ilikuwa ngumu zaidi. Kamati ya Sheria ilikuwa mikononi mwa James Eastland wa Mississippi, na kila mtu alijua kuwa muswada ukiingia humo hautoki, hivyo viongozi wakaukwepesha na kuupeleka moja kwa moja ukumbini. Richard Russell wa Georgia akawapanga maseneta wa Kusini kwa zamu ili wazungumze bila kikomo na kura isipigwe kamwe. Kuufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 67 kama maseneta wote 100 wangekuwapo, na hakuna muswada wa haki za kiraia uliowahi kuvuka kizingiti hicho. Hubert Humphrey wa Minnesota alikuwa na kazi ya kuhesabu vichwa kila siku. Kura zilizopungua alipaswa kuzipata kwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Republican, ambaye alitaka marekebisho na akapewa. Nyuma ya Dirksen kulikuwa na maseneta wa majimbo ya mashamba ya ngano na mahindi, ambako weusi walikuwa wachache sana, na waliowabana hao ni makanisa: barua na ziara za wachungaji, na wanafunzi wa seminari za Kikatoliki, Kiprotestanti na Kiyahudi waliokesha kwa zamu katika Mnara wa Lincoln, usiku na mchana, mpaka muswada ukapita.

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1964, Robert Byrd wa West Virginia alikaa chini baada ya kuzungumza kwa saa 14 na dakika 13. Kisha karani akaanza kuita majina. Alipofika kwa Clair Engle wa California hakukuwa na jibu. Engle alikuwa ameletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Uvimbe katika ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti. Aliinua mkono taratibu akaelekeza kidole kwenye jicho lake, na karani akaandika kura ya ndiyo. Mjadala ulifungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Engle alifariki kabla mwezi Julai haujaisha, lakini aliiona tarehe 2 Julai, Rais Johnson, aliyemrithi Kennedy, alipoutia saini muswada.

Binti mmoja aliyekuwa akiandika chini yangu alinisikiliza nikieleza haya ofisini, akauliza kwa masikitiko, "Mwalimu, kwa hiyo hotuba haikufanya kazi yoyote?" Nilimjibu kwamba ilifanya, ila mtafiti anatakiwa aonyeshe ilifanya kazi kwa nani. Ionyesheni kwa mchungaji wa Iowa aliyemwandikia seneta wake, au kwa mfanyakazi wa Detroit aliyepanda basi la chama kwenda Washington. Mkishindwa kumpata mtu huyo kwenye nyaraka, basi andikeni kwamba hamjampata, na msiandike kwamba taifa liliguswa.

3. Msiivishe miili ya wakati ule vyama vya leo. Kila mwaka yupo anayeandika kwamba chama cha Democratic kilitetea haki za weusi na Republican kikapinga, na yupo mwenzake anayeandika kinyume chake, na wote wawili wana takwimu. Kura ya mwisho ya Seneti ilikuwa 73 dhidi ya 27: Democratic 46 kwa 21, Republican 27 kwa 6. Sasa igaweni upya kwa majimbo. Katika maseneta 22 wa majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861, aliyeunga mkono alikuwa mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas. Jiografia ilikuwa na nguvu kuliko chama. Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican aliyepinga muswada ule, alishindwa vibaya na Johnson mwezi Novemba, lakini mbali na Arizona kwao alishinda Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina. Mwaka 1968 George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama na mtetezi wa ubaguzi, akigombea nje ya vyama vyote viwili, alichukua majimbo matano ya Kusini na asilimia 13.5 ya kura zote nchini, na Nixon wa Republican akapita kwa tofauti ndogo mno na Humphrey wa Democratic. Mabadiliko ya vyama yalikuwa yakitokea mbele ya macho ya watu hao, nayo ni mada nzuri ya tasnifu kwa anayeweza kusoma jedwali la kura wilaya kwa wilaya.

4. Kaskazini nako kulikuwa na Marekani. Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura tarehe 6 Agosti 1965, na tarehe 11 Watts, mtaa wa weusi mjini Los Angeles, ikawaka kwa machafuko, watu 34 wakafa. Rasimu nyingi huyaweka matukio haya mawili sambamba na kushangaa, kama vile weusi wa Los Angeles walikosa shukrani. Lakini weusi wa California walikuwa wakipiga kura siku zote. Sheria ile haikuwa na jipya la kuwapa. Walichonyimwa ni nyumba, ajira na usalama mbele ya polisi. Tazameni karatasi za kura za California za Novemba 1964: wapigakura walewale waliompa Johnson ushindi mkubwa dhidi ya Goldwater waliifuta, kwa takriban kura mbili dhidi ya moja, sheria ya jimbo iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Ilibidi Mahakama Kuu ya Marekani iubatilishe uamuzi huo mwaka 1967. Na King alipohamishia mapambano Chicago mwaka 1966, jiwe lilimpiga kichwani katika kitongoji cha weupe cha Marquette Park. Mwaka huohuo kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 63 ya Wamarekani hawakumpenda. Takwimu hiyo ikae mezani kwenu mnapoandika, kwa sababu ninyi mmemkuta akiwa sanamu.

5. Msiitengee Vietnam sura ya peke yake. Tarehe 27 Mei 1964, maseneta wa Kusini wakiwa bado wanauzuia muswada, Johnson alimpigia simu Richard Russell, yuleyule aliyewaongoza, kumwomba ushauri kuhusu Vietnam. Walikuwa marafiki wa miaka mingi, na Russell hakumficha kwamba aliuona mkwamo ule kuwa mbaya kuliko yote. Siku hiyohiyo Johnson alimweleza mshauri wake McGeorge Bundy kwamba haoni faida ya kupigania nchi ile na haoni njia ya kutoka. Kanda hizo zimehifadhiwa katika maktaba yake mjini Austin na zinasikilizwa bure kwenye intaneti. Zisikilizeni kwa masikio yenu, kwa kuwa maandishi yake hayabebi uzito wa pumzi za mtu yule. Wiki kumi baadaye alipeleka bungeni azimio la Ghuba ya Tonkin, la kumruhusu kutumia jeshi Vietnam, likapita kwa kura 416 kwa sifuri katika Baraza na 88 kwa 2 katika Seneti. Washauri wa kijeshi wapatao 16,000 aliowakuta wakawa wanajeshi zaidi ya nusu milioni mwaka 1968. Anayetenganisha haki za kiraia na vita atashindwa kueleza kwa nini fedha za mpango wa kupambana na umaskini zilikauka, au kwa nini King alisimama katika kanisa la Riverside tarehe 4 Aprili 1967 kuipinga vita na kumpoteza Johnson moja kwa moja.

6. Vijana wote hawakuwa mahipi. Kwa sehemu kubwa ya muongo, walio chini ya miaka 30 waliiunga mkono vita kuliko wazee wao.

7. Uhusiano na kwetu utafutwe mahali ulipo. Najua hamu mliyo nayo ya kuingiza Afrika Mashariki katika kila sura, na sitawazuia, lakini uwepo wa kweli unatosha. Malcolm X, mwanaharakati wa weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam na Nairobi mwezi Oktoba 1964, akaonana na Mwalimu Nyerere, na Nairobi akakutana na John Lewis wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi waliopigania haki za kiraia, wakazungumza kama watu ambao nyumbani kwao walikuwa hawajapata nafasi hiyo. Wanadiplomasia wa Kiafrika waliosafiri kwa gari kati ya New York na Washington walinyimwa huduma katika migahawa ya Maryland, kando ya barabara namba 40. Balozi wa Chad aliponyimwa kahawa mwaka 1961, Wizara ya Mambo ya Nje ililazimika kuwabembeleza wenye migahawa, maana nchi iliyokuwa ikigombea urafiki wetu dhidi ya Moscow ilikuwa ikifungua magazeti ya aibu. Nyaraka za wizara ile zipo na zinasomeka. Waliozisoma miongoni mwenu bado ni wachache mno.

8. Tafuteni wafanyakazi na wanawake kwenye nyaraka, wamo. Ella Baker aliwakusanya wanafunzi mjini Raleigh mwezi Aprili 1960, ndipo SNCC ikazaliwa. Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya pamba, aliieleza kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City mwaka 1964 jinsi alivyopigwa jela kwa kuandikisha wapigakura. Mgomo wa wavuna zabibu wa Delano, California, mwaka 1965 ulianzishwa na Wafilipino wa Larry Itliong, na chama cha Cesar Chavez kikajiunga siku chache baadaye.

Na kwa mliochagua Memphis: sura hiyo isianze tarehe 4 Aprili 1968 kwenye baraza ya hoteli, King alipouawa. Ianze tarehe 1 Februari, siku wazoa taka wawili weusi waliokuwa wakijikinga na mvua ndani ya gari la taka walipopondwa na mtambo wake. Ipite kwenye mgomo wa wafanyakazi wapatao 1,300 na mabango yao yaliyosema kwamba kila mmoja wao ni mtu. Ifike tarehe 16 Aprili, manispaa ilipokubali kuutambua muungano wao na kuwaongeza mshahara. Nitazipokea rasimu za namna hiyo wakati wowote, hata nje ya ratiba ya mhula.