NanoVNA mkononi: kabla ya kuamini namba, jua inapima nini

Mtu akishapata NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena na kebo za redio, la kwanza analofanya linajulikana. Anachomeka antena, anatazama SWR (uwiano unaoonyesha ishara inarudi kiasi gani; 1 maana yake hairudi kabisa), akiona 1.3 anafurahi, akiona 4 anashika koleo aanze kukata waya. Simlaumu. Skrini inavutia, mistari ina rangi zake, na namba zinakuja na desimali zake kana kwamba zimetoka maabara. Lakini kifaa hiki hakijui antena ni kitu gani. Kinatoa ishara ndogo kwenye tundu lake, kisha kinasikiliza: kiasi gani kimerudi, na kimerudi na fezi gani, yaani wimbi limesogea kiasi gani. Basi. SWR, impedansi (ukinzani wa jumla kwa ishara ya redio, kwa omu), chati ya Smith (mchoro wa duara unaoonyesha impedansi), vyote ni hesabu inayopigwa juu ya majibu hayo mawili. Ndiyo maana kila nikisoma namba najiuliza kwanza: hii inahusu sehemu ipi ya mfumo wangu?

Kwa mgeni wa mambo haya: VNA ni kichanganuzi cha mtandao cha vekta (mtandao wa saketi, si intaneti), mashine ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya maabara na kampuni kubwa. Mjapani anayejulikana kwa jina la edy555 alibuni toleo dogo la kushika mkononi, na hugen wa China akaliendeleza, hadi kufikia 2019 likawa limeenea kwa wapenzi wa redio ya ridhaa duniani kote. Toleo la kawaida linaanzia 50 kHz na kufika 900 MHz. Juu ya 300 MHz linategemea hamoniki za kijenereta chake, yaani vizidisho vya masafa yake, kwa hiyo ukipima huko mstari unakuwa na kelele zaidi na kina cha kipimo kinapungua. Si ubovu, ndivyo lilivyoundwa.

Kalibresheni, yaani kukirekebisha kifaa kwa vipimo vinavyojulikana, ndiyo inayoamua kipimo kinaanzia wapi. Ukiifanya kwenye tundu la kifaa, kisha ukaongeza kipande cha kebo na adapta mbili kufikia antena, basi hiyo kebo na adapta zake nazo umezipima. Mimi huweka kwanza kebo na adapta zote nitakazotumia, halafu nafanya kalibresheni pale mwisho kabisa, mahali antena itakapofungwa. Unafuta kalibresheni ya zamani, unaweka kifuniko cha wazi, kisha cha shoti, kisha mzigo wa omu 50. Kama utatumia na tundu la pili, unamalizia na hatua za kutenganisha na kupitisha, halafu unahifadhi. Usiruke kule kufuta. Ukianza kalibresheni mpya juu ya ile ya zamani unaweza kupata matokeo ya ajabu na ukashinda mchana kutwa unatafuta mchawi.

Ukimaliza, hakiki. Rudisha mzigo wa omu 50, na kwenye chati ya Smith uone kinukta kimetulia katikati. Weka shoti, kiwe ukingoni kushoto. Acha wazi, kiwe ukingoni kulia, ingawa ukipanda masafa ya juu kitasambaa kidogo kuwa kijitao, jambo la kawaida. Kisha tikisa kebo taratibu. Kinukta kikirukaruka, kebo yako au koneta ina matatizo na hakuna kalibresheni itakayokuokoa. Na tafadhali, koneta za SMA zinakazwa kwa kuzungusha nati, si kwa kuzungusha mwili wa kebo. Pini ya katikati ikisugua kila siku, tundu la kifaa linalegea, na hilo halina dawa rahisi. Mimi nimefunga adapta fupi kwenye kila tundu na siiondoi. Ikichakaa natupa adapta, kifaa kinabaki salama.

Kuna herufi ndogo pembeni mwa skrini ambayo wengi hawaitazami. Ikiwa C kubwa, kalibresheni yako inalingana na masafa unayopima. Ikigeuka c ndogo, umebadilisha masafa na kifaa sasa kinakisia katikati ya nukta zile za mwanzo. Kwa kazi ya haraka haina neno. Kwa kazi ya kukata waya, rudia kalibresheni.

Suala la masafa lina mtego mwingine. Matoleo ya mwanzo yanapima nukta 101 kwa kila skani. Ukiweka kutoka 50 kHz hadi 900 MHz ili uone kila kitu kwa mpigo, nukta moja na nyingine zinaachana kwa 9 MHz. Bendi yote ya mita 40, inayoanzia 7.0 MHz na haijai hata nusu megahezi, inaweza kulala katikati ya nukta mbili bila kuguswa. Utaambiwa antena yako haina bonde, yaani mahali SWR inaposhuka, popote. Hata ukipunguza hadi 1 mpaka 30 MHz, hatua bado ni 290 kHz, yaani antena yenye bonde jembamba itaonekana butu kuliko ilivyo. Anza na upana wa kutosha kuona bonde liko upande gani, kisha banana nalo: kwa bendi hiyo mimi huweka 6.5 hadi 7.7 MHz na hatua inakuwa 12 kHz. Hapo ndipo unaona umbo lake halisi.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapotosha watu wengi kuliko yote: kebo inayosifia antena. Chukua mita 20 za RG-58, kebo nyembamba ya omu 50, kwenye masafa ya 145 MHz. Kebo hiyo hupoteza takribani desibeli 20 kwa mita 100 katika masafa hayo, kwa hiyo mita zako 20 zinameza kama desibeli 4. Ishara ikitoka kwenye kifaa inapoteza 4 ikienda, na kinachorudi kinapoteza 4 nyingine. Sasa chukulia antena imekatika kabisa huko juu, waya unaning'inia tu. Kila kinachofika kule kinarudi chote. Lakini kifaa chako huku chini kinaona kilichorudi kiko chini kwa desibeli 8, na desibeli 8 ni sawa na SWR ya kama 2.3. Yaani huna antena, lakini skrini inakuambia hali si mbaya sana! Na kama antena ipo lakini ina SWR ya 3, huku chini utasoma karibu 1.5 na utalala usingizi mnono.

Kwa hiyo napima kebo kabla ya antena, na ni kazi rahisi. Acha mwisho wa mbali wazi, au weka shoti, soma S11 (kiasi kinachorudi kwenye tundu la kwanza) kwa desibeli, gawanya kwa mbili. Hiyo ndiyo hasara ya kebo kwa njia moja. Ukiona mstari unapanda na kushuka kidogo, chukua wastani. Andika namba hiyo kwenye kebo kwa kalamu ya wino usiofutika. Baada ya hapo ukisoma SWR kutoka chumbani unajua cha kutoa. Au panda na kifaa hadi kwenye antena yenyewe, ndiyo raha ya kitu kinachoingia mfukoni na kina betri yake.

Impedansi nayo inabadilika njiani. Robo ya urefu wa wimbi ya kebo ya omu 50 inageuza omu 100 kuwa omu 25. SWR ni ile ile, mbili kwa moja, ukiacha hasara ya kebo, lakini ukinzani na riaktansi (ile sehemu ya impedansi inayohifadhi nishati na kuirudisha) unazosoma chini si za antena. Anayetaka kubuni mtandao wa kulinganisha (saketi ya kuleta impedansi ya antena kwenye omu 50) kwa kutumia namba za chumbani, bila kusogeza mwanzo wa kipimo hadi mwisho wa kebo, anatengeneza mtandao wa antena isiyokuwepo.

Kukata waya kuna hesabu fupi. Dipoli ya nusu wimbi huanza na 143 kugawanya kwa megahezi, kwa hiyo kwa 7.1 MHz ni kama mita 20.1 jumla. Kata ndefu kidogo, tuseme 20.5, isimamishe katika urefu itakaokaa, kisha tafuta bonde. Likitokea 6.85, zidisha urefu ulionao kwa 6.85 na ugawanye kwa 7.10. Unapata mita 19.78. Unatakiwa kupunguza sentimita 72, yaani 36 kila upande. Usizikate zote kwa mara moja. Mimi hukunja ncha na kuzisokota juu ya waya wenyewe, napima tena, na nikiridhika ndipo koleo linaingia. Ardhi, mti wa karibu na bati la nyumba vyote vinavuta bonde huku na kule, na hesabu haivijui.

Na tuache kuabudu SWR ya 1.0. Dipoli iliyo juu vya kutosha ina kama omu 73 katikati, hivyo ikiwa na riaktansi sifuri kwenye kebo ya omu 50 utasoma karibu 1.5. Antena wima ya robo wimbi yenye ardhi nzuri ina kama omu 36, nayo itasoma 1.4. Zote mbili ziko sawa kabisa. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu, ya 2 inarudisha asilimia 11. Nikiona antena wima fupi yenye waya mbili tu za ardhini inasoma 1.0 safi, siipongezi. Nashuku kwamba omu zilizoongezeka ni hasara ya udongo. Mzigo bandia, kikinza cha omu 50 kinachogeuza nguvu kuwa joto, una SWR ya 1.0 kila mahali, na haurushi kitu.

Jaribio moja la mkono lina faida kubwa. Mstari wa SWR ukiwa kwenye skrini, shika kebo kwa kiganja na utembeze mkono. Mstari ukihama, ujue mkondo unapita nje ya ngao ya kebo, na kebo yako imekuwa sehemu ya antena. Wewe pia umekuwa sehemu ya antena. Ukichomeka USB kwenye kompyuta utaona namba nyingine tena. Weka choki ya feraiti (kizuizi cha huo mkondo wa nje) pale antena inapolishwa, kisha rudia. Kabla ya hapo hakuna haja ya kubishana na bonde.

Usalama nautaja kwa ufupi lakini msiupuuze. Usibonyeze kurusha ukiwa na VNA kwenye mstari, hata kwa wati moja. Ondoa redio kabisa isije ikabonywa kwa bahati mbaya. Antena ndefu ya waya hukusanya umeme tuli, hasa upepo mkavu ukivuma, kwa hiyo gusisha pini ya katikati na ngao kwanza, ndipo uichomeke. Mawingu ya radi yakionekana, funga kazi. Na ukiwa jirani na kituo kikubwa cha utangazaji, mstari unaweza kuota meno meno kwa sababu ishara yake inaingia kupitia antena yako. Hiyo si hitilafu ya antena.

Kwa kebo ndefu iliyofukiwa ukutani, ule uwezo wa kugeuza masafa kuwa muda unasaidia sana. Unaingiza kasi ya kebo ikilinganishwa na kasi ya mwanga, 0.66 kwa zile za polithini ngumu kama RG-58, na kifaa kinakuonyesha umbali wa mahali ishara inaporudia. Ila upana wa masafa unaamua yote. Kwa nukta 101 na upana wa 300 MHz, unaona hadi mita 33 za kebo hiyo na unatofautisha vitu vilivyoachana sentimita 33. Kebo ndefu zaidi inahitaji upana mdogo, na ukipunguza upana unapoteza ule undani. Kama huna uhakika wa kasi ya kebo, kata mita 5 kamili, acha mwisho wazi, tafuta masafa ya kwanza ambapo riaktansi inafika sifuri. Ikiwa ni 9.9 MHz, kasi ni 0.66.

Tundu la pili ni la machujio. Chujio la kirushio cha 7 MHz linapaswa kupitisha 7 karibu bila hasara na kuzima 14 na 21, na S21, yaani kiasi kinachopita hadi tundu la pili, inakuonyesha hayo kwa sekunde chache. Kabla ya kujisifu kwamba chujio lako linazima desibeli 75, chomoa kebo kutoka tundu la pili na utazame mstari unatulia wapi. Ukitulia pale pale, umepima sakafu ya kifaa. Kwa amplifaya, weka kipunguza nguvu cha desibeli 20 au 30 kwenye upande wa kutokea, na ufanye kalibresheni kikiwa ndani.

La mwisho ni kumbukumbu. Programu ya NanoVNA-Saver inahifadhi kipimo kama faili la s1p. Chukua moja siku antena inaposimama, andika tarehe na mahali ulipofanyia kalibresheni, kwenye antena au chumbani. Miezi ikipita, linganisha. Bonde likihama, angalia waya na vihami. Lakini SWR ikiwa nzuri zaidi yenyewe, kwenye upana wote, bila mtu kugusa kitu, maji yameingia kwenye kebo. Anza na koneta ya nje, ile iliyo karibu na antena.