PS3 ya mtoto kuingia mtandaoni: usikimbilie kununua ruta

Dada uliyeuliza habari za PS3 (PlayStation 3, mashine ya gemu ya Sony) ya mwanao, nimekuelewa hivi: mtoto ana miaka 11, mashine mmeinunua mtumba, anataka kucheza Minecraft na binamu yake wa Arusha ambaye naye ana PS3, nyumbani hamna Wi-Fi, na muuza vifaa amekwambia bila ruta ya laini na kifurushi cha mwezi hakuna kitakachofanyika. Shika hela yako kwanza. Simu uliyonayo inatosha kwa majaribio yote, na wengi wetu tumeishia hapohapo kwenye simu.

Niliwahi kuwa na kibanda cha gemu Tandika, tukaanza na PS2, tukaja PS3. Biashara ilikufa watu walipohamia kwenye simu, mashine zilizobaki zikaja nyumbani kwa vijana wangu. Kwa hiyo nakuandikia mambo niliyoyashika kwa mkono.

Anza na gemu kabla ya mtandao. Watu wanahangaika na laini wiki nzima, kumbe gemu wanalolitafuta lilishafungwa mtandaoni siku nyingi. GTA Online ya PS3 ilizimwa tarehe 16 Desemba 2021. Gran Turismo 6 ilizimwa Machi 2018. LittleBigPlanet za PS3 zilifungwa 2021. PES, lile gemu la mpira, ya mwisho kutolewa kwa PS3 ni ile ya 2018, na Konami wanaoitengeneza huwa hawaachi seva za PES kuukuu ziendelee. Hayo hata ukivutiwa faiba hadi sebuleni hayafunguki, utacheza na aliyekaa pembeni yako tu.

Minecraft ya PS3 imepona kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa. Haitegemei seva ya kampuni kubeba mchezo. Mmoja anafungua dunia yake, mashine yake inakuwa mwenyeji, wengine wanaingia kupitia orodha ya marafiki wa PSN (mtandao wa Sony wa PlayStation), hadi wachezaji wanane. Sony walitangaza mwaka 2021 kwamba wangefunga duka la PS3, wateja wakapiga kelele, wakarudi nyuma, na huduma ya kuingia PSN kwa PS3 haijazimwa. Ndiyo maana mpango wa mwanao unawezekana. Angalia tu kwamba binamu naye anatumia Minecraft ya PS3 yenyewe. Ile ya kwenye simu haionani na hii kabisa. Na wote wawili wawe wamesasisha gemu hadi toleo la mwisho, la sivyo mmoja atakataliwa mlangoni.

Pia usiuziwe PS Plus, ule uanachama wa kulipia wa Sony. Kwenye PS4 michezo mingi inadai malipo hayo ili ucheze na mtu wa mbali, na Xbox 360 nayo ilikuwa na ada yake. PS3 haidai senti kwa kucheza mtandaoni. Hapa mashine kuukuu inakulipa fadhila.

Sasa swali gumu, na naomba ulipeleke kwa aliyekuuzia kabla hujagusa chochote: mashine imechipiwa, yaani imefunguliwa na fundi ili icheze magemu ya kunakili? PS3 nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo huja na magemu yamejazwa kwenye diski ya ndani, hakuna CD hata moja. Dalili ni hiyo. Mashine ya namna hiyo ina mambo mawili. Kwanza, PSN inataka programu ya mashine iwe toleo jipya kabisa, na ukisasisha, ule ufundi uliofanywa unaweza kufutika na magemu yote ya kwenye diski yakagoma kufunguka. Mtoto atalia, na fundi atakudai hela upya. Pili, ukiingia PSN huku imechipiwa, Sony wanaweza kuifungia mashine yenyewe, si akaunti peke yake, na ikishafungiwa hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo lazima mchague: magemu ya bure ya kwenye diski, au mtandao na CD halali ya Minecraft. Binafsi ningechagua mtandao, maana CD za PS3 za mtumba siku hizi bei yake imeshuka, na za nchi yoyote zinasoma kwenye mashine ya nchi yoyote. Lakini huyo ni mwanao, unajua mwenyewe anapenda nini.

Kama ni safi, endelea. Programu ya mashine usiipakue kwa bando lako kupitia PS3. Ni faili moja la kama MB 200, linapatikana kwenye tovuti ya PlayStation. Lipakue ofisini au popote penye Wi-Fi, uliweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Ndani ya flashi tengeneza folda iitwayo PS3, ndani yake folda nyingine iitwayo UPDATE, herufi kubwa zote, na faili libaki na jina lake PS3UPDAT.PUP. Ukikosea herufi moja, mashine itasema haioni kitu. Flashi kubwa za siku hizi huja na exFAT, ambayo PS3 haisomi, kwa hiyo ifomati kwanza. Baada ya hapo weka tarehe na saa sahihi. Mashine za mtumba mara nyingi betri yake ndogo ya ndani imekufa, tarehe inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na tarehe ikiwa ya uongo kuingia mtandaoni kunaweza kugoma bila kukwambia sababu. Betri yenyewe ni CR2032, ile ya bapa kama sarafu, fundi yeyote anaibadilisha.

Kuunganisha na simu kuna mitego midogo miwili ambayo ndiyo inawafanya watu waamini wanahitaji ruta. Wi-Fi ya PS3 ni ya zamani, inasikia masafa ya 2.4 GHz tu. Simu nyingi mpya zinarusha hotspoti kwa 5 GHz, basi PS3 inatafuta haioni kitu, mtu anahitimisha kwamba mashine mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague 2.4 GHz, kwenye iPhone washa “Maximize Compatibility”. Mtego wa pili ni ulinzi: weka WPA2, maana WPA3 PS3 haiijui. Kisha kwenye PS3 nenda “Settings”, halafu “Network Settings”, halafu “Internet Connection Settings”, chagua njia rahisi, Wi-Fi, na uiache itafute. Nenosiri liwe refu kiasi lakini la herufi ndogo na namba, kwa sababu kuliandika kwa padi ni adhabu. (Kama yako ni PS3 za mwanzo kabisa zenye diski ya GB 20, hizo hazina Wi-Fi ndani. Ila ni adimu sana huku.)

Na kuhusu kasi, usidanganywe na kifurushi cha Mbps nyingi. Kwa Wi-Fi, kiwango cha juu cha PS3 kwenye karatasi ni Mbps 54, na uhalisia uko chini zaidi ya hapo. Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo mno. Saa nzima ya vijana wangu huwa haifiki hata video fupi chache za simu. Kinachotafuna bando ni kupakua: sasisho la gemu siku ya kwanza ukiweka CD, na magemu ya dukani kama utayanunua. Hayo yafanye kwa kifurushi cha usiku, wahi kabla hujalala, uache mashine ikipakua. Halafu kuna mwizi mwingine ambaye hayumo kwenye PS3 kabisa. Nenosiri la hotspoti likishajulikana na mtoto, litajulikana na shangazi, dada wa kazi na rafiki wa jirani, na jioni moja ya TikTok inamaliza bando la wiki. Weka kikomo cha vifaa kwenye hotspoti, kifaa kimoja kinatosha.

Simu yako ikiwa inatoka nawe kazini, tafuta simu kuukuu ya 4G, hata yenye kioo kilichopasuka, iwekee laini yake na iache karibu na runinga. Isiwe juu ya PS3 wala nyuma yake pale hewa ya moto inapotokea, na isilale kwenye chaja siku nzima, betri huvimba. Zima kile kipengele kinachofunga hotspoti yenyewe baada ya muda.

Sasa tuje kwenye NAT, yaani jinsi mtandao unavyoificha mashine yako nyuma ya anwani ya pamoja, maana hapa ndipo mipango ya Minecraft inapofia, na ndiyo sababu kubwa ya kukuzuia usinunue ruta. Ukishaunganisha, fanya “Internet Connection Test”. Mwishoni itakuonyesha “NAT Type” 1, 2 au 3. Maana yake ni hii: makampuni ya simu hayana anwani za intaneti za kumtosha kila mteja, kwa hiyo wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Mashine yako inaweza kupiga simu nje lakini haiwezi kupigiwa. Aina ya 2 inapokea karibu kila mtu. Aina ya 3 inaingia kwa mwenye 2, lakini 3 na 3 kwa kawaida hawapatani: watoto wataonana kwenye orodha ya marafiki wako hewani, mmoja atabonyeza kuingia, itazunguka, itakataa.

Ruta ya laini anayokuuzia yule jamaa inatumia mtandao uleule wa simu. Ukiiweka, NAT itabaki kama ilivyokuwa kwenye hotspoti. Hata ufungue milango yote ndani ya ruta, kizuizi kiko upande wa kampuni. Ungelipa laki na zaidi kisha urudi hapa kuuliza swali lilelile.

Dawa ya bei nafuu ni kujaribu. Pima NAT na laini ya mtandao wako, kisha azima laini ya mtandao mwingine upime tena, maana mitandao haifanani. Waambie wazazi wa binamu wa Arusha nao wapime. Ikiwa kwao kuna intaneti ya waya na ruta, washeni UPnP (kipengele kinachoifungulia PS3 milango chenyewe) kwenye hiyo ruta, kuna uwezekano mzuri wakapata 2. Mwenye 2 ndiye awe anafungua dunia, siku zote, hata kama mwanao ndiye mwenye jumba la dhahabu. Anaweza kuihamisha dunia yake kwa flashi mkikutana likizo. Na ikiwa kote ni 3 hata baada ya kubadilisha laini, basi kwa mwanao PS3 ya mtandaoni haitalipa, na ni afadhali kulijua hilo kwa gharama ya bando dogo. Kuna siku pia tatizo si lako wala la Arusha. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, kila kitu kilikuwa kizito Afrika Mashariki nzima, na wapo walioifungua mashine bisibisi mkononi.

Akaunti ya PSN itengeneze kwenye simu kwa kivinjari, usihangaike na padi. Tengeneza yako ya mtu mzima kwanza, halafu ya mtoto chini yake kama mwanafamilia, ili wewe ndiye uamue nani anaweza kumwandikia na kama anaweza kutumia hela. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Wengi hapa hujisajili kwa nchi nyingine, na nchi ukishaichagua haibadilishwi, na kadi za zawadi lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Kadi ya benki usiiweke kabisa. Ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, PS3 haitakubali nenosiri lako la kawaida. Unachukua nenosiri maalumu la kifaa kutoka kwenye mipangilio ya akaunti yako kwenye tovuti. Wengi hukwama hapo wakidhani wamesahau nenosiri.

Jambo la pembeni: kama runinga mmeunganisha kwa zile nyaya tatu za rangi, nunua waya wa HDMI, ni wa bei ya kawaida. Minecraft ya PS3 inagawa kioo kwa wachezaji hadi wanne, lakini inataka picha ya HD. Binamu akija likizo hamtahitaji bando hata kidogo.

Ukipima, leta hapa aina ya NAT ya pande zote mbili, jina la mtandao wa kila upande, na jibu la muuzaji kuhusu kuchipiwa. Kama Arusha wana waya, sema pia ruta yao ni ya aina gani, kuna wakuu humu wanazijua menyu za hizo ruta kuliko mimi.