Muulize Fundi: Baraza ya wavu

Baraza yangu ya mbele nimeizungushia wavu wa mbu. Fundi anataka kunipigia dari ya jipsamu. Nikubali? (Msomaji, Jambiani)

Usikubali. Wavu unazuia mbu, hauzuii hewa ya bahari. Jipsamu hunywa unyevu, na masika yakishapita utaiona imelegea baina ya skrubu mithili ya godoro kuukuu, halafu inaota madoa meusi. Piga mbao za kupachikana, zile zenye ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili. Kabla hujazipandisha, zipake rangi pande zote, hata mgongoni ambako hakuna atakayepaona, maana unyevu ndiko unakoingilia. Pale dari inapokutana na ukuta acha upenyo kidogo mbao zipate pa kutanukia. Skrubu ziwe za stenlesi. Ni ghali, najua, lakini za kawaida zitakulilia kutu juu ya rangi nyeupe.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa. Plasta ya saruji ya barazani imevimba na inabanduka mapande mapande. Niongeze saruji? (Msomaji, Mkoani)

Bibi, saruji ndiyo iliyokufikisha hapo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, bandua pote.

Kisha rudi kwenye chokaa: ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, kila moja ukiilowesha na kuikinga jua. Fundi mwenye haraka hakufai. Juu yake paka chokaa, si rangi ya plastiki.

Na mchanga usichote pwani! Nilipokuwa kijana nilifanya hivyo kwa mjomba wangu ili kuokoa gari moja la mchanga. Ukuta ule ulitoka jasho kila jioni, na mjomba alikuwa akinionesha kila nilipokwenda kumwamkia.

Dari niipake rangi gani? (Msomaji, Fuoni)

Nyeupe, mwanga ujae. Ukitaka buluu ya maji, ni mapenzi yako.

Wavu utangulie, au kuta kwanza? (Msomaji, Wete)

Kuta na dari kwanza. Chokaa mbichi inayorukia wavu wa alumini huutafuna. Wavu nao utie kwenye fremu za kufungua kwa skrubu, usiupigilie moja kwa moja kwenye nguzo, ili kila baada ya wiki chache uushushe, uulaze uani na kuumwagia maji ya mfereji. Ramba kidole chako baada ya kukipitisha kwenye wavu wa upande wa bahari, utaelewa kwa nini.