Negativu za rangi za zamani: soma ukingo kabla ya kuskani

Watu wakiniletea bahasha ya negativu, swali lao la kwanza huwa ni skana. Ninunue ipi? Bei gani? Simu yangu haiwezi? Nitafika huko. Kabla ya hapo mimi huchukua kipande kimoja, nakishika kwa kingo zake mbili kuelekea dirishani, na wala siwatazami waliomo pichani. Nasoma pembeni, kwenye ule ufito mwembamba wenye matundu, ambako kiwanda kiliandika jina la mkanda, namba za picha na alama nyingine ndogondogo. Hapo pasipo na picha ndipo utakapojua mkanda ni wa aina gani, hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka gani, kama skana itaweza kufuta vumbi yenyewe, na baadaye ndipo utakapochota rangi sahihi.

Anza na rangi ya plastiki yenyewe. Negativu ya kawaida ya rangi ina rangi ya chungwa iliyokolea, wakati mwingine karibu na kahawia. Wengi hudhani ni uchakavu au moshi wa jikoni. Sivyo, imewekwa kwa makusudi kiwandani kwa sababu dawa za rangi zilizomo kwenye mkanda hazikuwa kamilifu, na chungwa hilo hurekebisha kasoro yao wakati wa kuchapisha picha kwenye karatasi. Kodacolor ya kwanza, mkanda wa Kodak wa mwaka 1942, haikuwa nalo, na mikanda ya zamani ya Agfacolor na Orwo baadhi yake ni hivyohivyo: ni negativu za rangi kabisa, lakini ukingo wake ni mweupe au wa kijivu hafifu. Usiitupe kwenye fungu la nyeusi na nyeupe kabla hujachungulia nyuso. Zikiwa na rangi ya kibluu au kijani, hiyo ni ya rangi. Na ukiona ukingo mweusi tititi huku watu wakionekana kwa rangi zao za kawaida, hiyo ni slaidi, picha ya kurushwa ukutani kwa projekta, ina taratibu zake.

Sasa maandishi. Yakisomeka sawasawa, upande unaong'aa ndio unaokutazama wewe, na upande uliofifia, wenye picha yenyewe, uko nyuma. Kariri hilo, litakuokoa na picha ambazo watu wote wanashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Kwa kukadiria mwaka, hizi ndizo alama ninazozitegemea. Kodacolor-X ilitoka 1963 na ilisafishwa, yaani picha zake zilitolewa kwa dawa, kwa utaratibu ulioitwa C-22. Chungwa lake huwa jepesi zaidi, limeelemea kwenye manjano. Mwaka 1972 Kodak walileta Kodacolor II na utaratibu mpya, C-41, ambao viwanda vingine navyo vikaufuata na ndio unaotumika hadi leo. Ukiona namba 5035 pembeni, hiyo ni Kodacolor II. Fujicolor HR ni ya 1983. Ukisoma Sakura, huo ni mkanda wa kampuni ileile iliyokuja kujiita Konica mwaka 1987. Kodak Gold ni jina la mwishoni mwa miaka ya themanini. Alama ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata kusoma: vijistari vyeusi kama vya bei dukani, vilivyopangana chini ya matundu. Hivyo vilianza 1983, kwa hiyo mkanda wenye vijistari hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, hata babu aape.

Na babu ataapa. Kwetu kulikuwa na mzozo wa miaka mingi kuhusu harusi moja. Mjomba alishikilia kwamba ilikuwa 1971, shangazi akisema ilikuwa baadaye, maana kifungua mimba wa mdogo wake alikuwa tayari anatembea. Negativu zilipopatikana, ukingo ulisomeka 5035. Shangazi alifurahi kupita alivyofurahia hiyo harusi yenyewe.

Lakini ukingo hukupa mwanzo tu, haukupi siku ya picha. Mkanda ungeweza kukaa dukani hadi tarehe yake ikapita, ukauzwa, ukatiwa kwenye kamera, na kamera ikasubiri Idi mbili ndipo mkanda uishe. Kwa hiyo naandika "si kabla ya 1983", kisha nawaachia wazee wabishane juu ya yaliyobaki kwa kutazama magari, mitindo ya nywele na nani alikuwa mjamzito.

Vipimo vya mkanda nitavipitia haraka. Mkanda wa milimita 35 mnaujua, picha yake ni milimita 24 kwa 36. Ukiona picha ya mraba kwenye mkanda wa upana huohuo, na tundu moja tu kwa kila picha, hiyo ni 126, ya zile kamera za Instamatic zilizoanza 1963. Kipicha kidogo cha milimita 13 kwa 17 ni 110. Mkanda mpana usio na matundu, wenye picha ya sentimita 6 kwa 6 au zaidi, ni 120, na mara nyingi hiyo ni kazi ya mpiga picha wa studio. Fremu za kushikilia mkanda zinazokuja na skana hazikutengenezwa kwa 126 wala 110. Kata mwenyewe kwa kadi ngumu nyeusi.

Hali ya mkanda ndiyo inayonipa kazi kubwa huku Pwani. Nusa bahasha kwanza. Harufu kali ya siki ina maana plastiki yenyewe imeanza kuoza, na mkanda huo uskani mapema na uutenge na mingine, kwa kuwa mvuke wake huambukiza. Utandu wenye mizizimizizi ni fangasi. Usiifute kwa maji. Fangasi hula ile tabaka laini iliyobeba picha, na palipoliwa huyeyuka kwa maji, ukabaki na tundu mahali palipokuwa na uso. Tumia aisopropili ya asilimia 99, kwa pamba safi, taratibu, ukianzia pembeni kusiko na picha uone kama rangi inatoka. Spiriti ya dukani achana nayo, ina maji ndani yake. Vumbi la kawaida linatoka kwa kipulizio cha mpira na brashi laini. Usipulize kwa mdomo, utarusha mate. Vipande vilivyogandana usivivute kwa nguvu hata kama unaona vinakaribia kuachia.

Ukimaliza, usivirudishe kwenye vile vifuko vya plastiki vinavyonata na kunuka kama zulia jipya, hiyo ni PVC na inaharibu. Tafuta vya polipropilini, au bahasha za karatasi isiyo na tindikali.

Haya, skana. Kama unazo za 120 na za milimita 35 kwa pamoja, skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson Perfection V600, ndiyo inayofanya yote mawili bila kukufilisi. Kwa milimita 35 peke yake, Plustek OpticFilm hutoa picha kali zaidi, ila angalia herufi: 8200i ina infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, 8100 haina. Na hapa ndipo ukingo unapolipa tena. Infraredi hupenya dawa za rangi lakini hugonga vumbi na mikwaruzo, kwa hiyo mashine hujua vumbi liko wapi na kulifuta. Kwa negativu ya rangi inafanya kazi vizuri mno. Kwa nyeusi na nyeupe ya kawaida inaharibu, kwa sababu picha imeundwa kwa fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyozuia. Ipo mikanda ya nyeusi na nyeupe, kama Ilford XP1 ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, iliyosafishwa kwa C-41. Hiyo infraredi inaipenda. Jina liko pale pale pembeni.

Vile visanduku vidogo vyenye skrini, vinavyouzwa kwa ahadi ya sekunde tatu kwa picha, sivipendi. Ndani yake ni kamera hafifu inayokata weupe na weusi na kukupa JPEG usiyoweza kuirekebisha. Kwa kutaka tu kujua nani yumo, sawa.

Usihangaike na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. V600 inaandikwa dpi (nukta kwa kila inchi) 6400, lakini undani unaoupata kweli ni mdogo kuliko hapo kwa mbali. Mimi naskani milimita 35 kwa dpi 2400, ambayo ni pikseli kama 3,400 kwa 2,270. Kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, ya biti 16 kila rangi, ni takriban MB 46 kwa picha. Inatosha kuchapisha ukubwa wa karatasi ya A4. Ukienda juu zaidi kwenye skana bapa, mara nyingi unaongeza uzito wa faili tu. Na tafadhali, ndugu wakitaka nakala, watumie kwenye WhatsApp kama hati, si kama picha, isije ikabanwa.

Kamera nayo ni njia nzuri, pengine bora kuliko skana bapa, kama tayari unayo yenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vya karibu sana. Weka bapa la LED lenye mwanga mweupe wenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi) ya 95 kwenda juu, kamera kwenye stendi ikitazama chini sawasawa, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) ya chini kabisa, faili za RAW zisizorekebishwa na kamera, na chumba kiwe giza. Funika kwa kadi nyeusi mwanga wote unaovuja kando ya mkanda. Simu juu ya skrini ya tableti nayo inawezekana, mradi uinue mkanda sentimita chache kutoka kwenye kioo, la sivyo nukta za skrini zitatokea usoni mwa bibi harusi.

Njia yoyote utakayotumia, acha ukingo au ule mwanya kati ya picha na picha uingie kwenye faili. Wengi wanaukata ili ipendeze. Mwanya ule ni mkanda ambao haukupata mwanga kabisa, kwa hiyo rangi yake ni chungwa la kiwandani pamoja na uchakavu wa miaka yote, bila picha juu yake. Ukiiambia programu "hii ndiyo rangi ya mkanda mtupu", inaondoa chungwa kwa kipimo halisi badala ya kubahatisha. VueScan, programu ya kuskani, ina sehemu ya kufunga rangi hiyo ili mkanda mzima uskaniwe kwa kipimo kimoja. Darktable, programu ya kurekebisha picha ambayo ni ya bure, ina zana iitwayo negadoctor, na kazi yake ya kwanza ni hiyohiyo: bofya pasipo na picha. Ukigeuza negativu kwenye programu ya kawaida bila hatua hii, utapata picha ya kibluu, kisha utapoteza jioni nzima ukihangaika na vitelezi.

Rangi za otomatiki zina tabia nyingine inayotuumiza sisi hasa. Nyingi hudhani picha yoyote, rangi zake zikichanganywa pamoja, lazima zitoe kijivu. Sasa chukua picha ya studio yenye pazia la bluu nyuma, au wanawake sita wamevaa kanga nyekundu za sare. Kwa ile ya pazia, programu inaona bluu imezidi, inaongeza manjano, na nyuso zote zinatoka kama zimepakwa manjano ya wali. Zima otomatiki. Ukishachota rangi ya mkanda mtupu, rekebisha picha moja ya mwanzo kwa mkono, kisha tumia vipimo vilevile kwa vipande vyote vya mkanda huo.

Ukihitaji kitu cha kukuonyesha kijivu, usikimbilie kanzu. Kanzu nyingi zina umaziwa, na zile nyeupe kabisa zilifuliwa kwa buluu. Ukizifanya za umaziwa ziwe nyeupe halisi, picha nzima itaelemea bluu, na ukizifanya hizo za buluu, itageuka njano. Mimi hutafuta sakafu ya saruji, ukuta wa matofali ya saruji usiopakwa rangi, au lami kavu.

Mikanda iliyochakaa sana ina tatizo ambalo mwanya hautalimaliza. Dawa za rangi tatu hazififii kwa mwendo mmoja, hata gizani, na utakuta vivuli vimeelemea kijani huku paji la uso likiwa la waridi. Hapo rekebisha vivuli na mwanga kando kando, na ukishafika mahali ngozi za watu zinafanana na ngozi za watu, acha. Kama haikubali kabisa, igeuze nyeusi na nyeupe. Picha nzuri ya kijivu ni bora kuliko ya rangi inayotisha.

Kwenye jina la faili naandika nilichosoma pembeni: aina ya mkanda, namba ya picha na herufi yake kama ipo. Namba hizo zinakupa mfuatano wa tukio, nani alifika kabla ya keki na nani baada, jambo ambalo albamu iliyopangwa na watoto haiwezi kukwambia.

Mwisho, kwenye masanduku haya mara nyingi hujificha kopo la mkanda uliopigwa lakini haukusafishwa. Usiuvute nje ili uusome, soma kopo. Kama limeandikwa C-41, maabara yoyote inayosafisha filamu inaweza kujaribu, ingawa rangi zitakuwa dhaifu na zenye ukungu. Kama limeandikwa C-22, usikubali litiwe kwenye mashine ya C-41: mikanda ile ilitengenezwa kwa dawa ya nyuzi 24 za selsiasi, na hii ya sasa ni karibu 38, kwa hiyo tabaka lake laweza kulainika na kubanduka. Huo tafuta mtu wa kuusafisha kwa dawa za nyeusi na nyeupe. Na ukimpa msafiri aupeleke kwa ndege, amwombe ofisa aukague kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za CT za viwanja vya ndege, zile za eksrei kali zaidi, zinaharibu mkanda ambao haujasafishwa. Negativu zilizokwisha kusafishwa hazidhuriki nazo.