Maswali na Majibu: Ni Nani Anayeichagulia Simu Mawimbi ya Waifai?

SWALI: Assalaam aleykum. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, na ni nyumba ya kale ya mawe, yenye orofa. Ruta tumeiweka chini, karibu na daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Watoto husomea juu na walikuwa hawapati mtandao, basi nikanunua busta, kile kifaa cha kupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, nikaichomeka chumbani mwao. Sasa simu zao zaonyesha mawimbi yamejaa, lakini masomo ya video yanakwama. Simu yangu nayo, nikipanda juu, huing'ang'ania ruta ya chini ilhali busta iko hatua tatu tu kutoka nilipo. Je, busta ni mbovu?
Mama wa watoto watatu, Lamu

JIBU: Wa aleykum salaam, dada yetu. Yaelekea busta ni nzima, ila imewekwa mahali pasipoifaa. Nianze na simu yako, kwa sababu wengi hudhani kwamba ruta ndiyo inayoamua nani ashike wapi, na sivyo: anayeamua ni simu. Ruta na busta hujitangaza takriban mara 10 kila sekunde, na simu husikiliza, hupima nguvu za kila tangazo, kisha huchagua. Ikishachagua haihami upesi, kwani kila kuhama hukatiza mazungumzo kidogo. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba iPhone hubaki ilipo mpaka nguvu zishuke chini ya hasi 70 kwa kipimo cha dBm, ambacho ni kipimo cha nguvu za mawimbi, na hata hapo, ikiwa inatumika, haihamii kwingine mpaka ipate mawimbi yaliyozidi kwa desibeli 8, yaani zaidi ya mara sita ya nguvu ilizonazo. Simu za kampuni nyingine zina mipaka yao. Viko viwango vya kiufundi vya waifai, vya 802.11k na 802.11v, vinavyoiwezesha ruta kuishauri simu ihame, lakini simu ina hiari ya kuukataa ushauri huo. Kwa hiyo ukipanda juu na simu isiachie ruta ya chini, izime waifai kisha uiwashe tena, nayo italazimika kuchagua upya.

Sasa tuje kwa watoto. Mawimbi yaliyojaa kwenye kioo cha simu yanapima njia ya kutoka simu hadi busta, basi. Hayasemi lolote kuhusu njia ya kutoka busta hadi ruta. Ni kama mfereji mpya ulio jikoni ilhali bomba linaloulisha limeziba huko njiani. Busta iliyo ndani ya chumba kisichofikiwa na mawimbi haina cha kuongeza, kwa maana nayo inaisikia ruta kwa shida ileile waliyokuwa nayo watoto. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene mno, na mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hudhoofika ukutani kuliko yale ya gigahezi 2.4. Lakini nyumba ya Lamu ina neema ambayo nyumba nyingi za kisasa hazina, nayo ni kiwanda, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba. Isogeze ruta msanani, yaani ukumbi unaopakana na kiwanda, ielekee kiwanda, na busta uiweke juu mahali inapoweza kukiona kiwanda hichohicho, ili mawimbi yapite hewani badala ya kupigana na ukuta.

Hata hapo, busta ya bei nafuu yenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu katika chaneli moja, hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu. Kwa masomo ya watoto ningekushauri, ukiweza, upandishe waya wa mtandao kupitia kiwandani, uufuatishe boriti, na huko juu uuchomeke kwenye busta yenye tundu la waya au ruta ya pili. Waya huo hufaa hadi mita 100, na hauhitaji utoboe ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi. Nakusihi sana usiutoboe, kwani mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ya namna hiyo ikishavunjika, kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ngumu.

SWALI: Busta yangu imejipa jina lake tofauti na la ruta. Niliache hivyo?
Msomaji, Malindi

JIBU: Libadilishe. Jina, nywila na aina ya ulinzi vikiwa sawa na vya ruta, simu itazihesabu zote mbili kuwa mtandao mmoja na kuhama yenyewe kati yao. Majina yakitofautiana, mara nyingi itabaki kwenye jina la kwanza mpaka lipotee kabisa. Liache tofauti ikiwa tu unacho chombo kisichohama, kama televisheni, unachotaka kishike busta daima.