Kosa liliingia lini? Historia ya Git haituambii

SWALI: Habari za kazi. Tuko vijana watatu hapa Kigoma, tunatengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za mauzo ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Siku hizi jumla ya kilo inatoka kubwa kuliko mzigo uliouzwa. Kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo wetu, tunakuta "marekebisho", "marekebisho tena", "sasa tayari". Tufute tuanze upya?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Msifute. Hata historia mbovu itawasaidia kulipata kosa hilo. Andikeni git bisect start, kisha git bisect bad kwa hali ya sasa, halafu git bisect good mkitaja komiti (badiliko lililohifadhiwa pamoja na ujumbe wake) ya zamani ambayo hesabu ilikuwa sawa. Git itawapeleka kwenye komiti ya katikati. Pimeni, jibuni good au bad, nayo itagawa tena nusu kwa nusu. Komiti 1,000 huisha kwa vipimo kama 10. Mkimaliza, git bisect reset iwarudishe mlikokuwa.

Shida itabaki moja: komiti mtakayoonyeshwa ikiwa na rangi za vitufe, ripoti mpya na hesabu ya kilo kwa pamoja, bado mtasaka ndani yake. Kwa hiyo komiti moja, badiliko moja, na programu iwe inawaka. Mkishachanganya mambo ndani ya faili, git add -p huuliza kipande kwa kipande: y chukua, n acha, s kigawe.

Ujumbe nao uwe na mstari wa kwanza wa herufi zisizozidi 50 hivi, mstari mtupu, kisha sababu:

Zuia mauzo kujumlishwa mara mbili

Mtandao ukikatika, simu hutuma risiti ileile tena.
Seva sasa inakataa namba iliyokwisha kupokelewa.

Msimbo unaonyesha kilichobadilika. Sababu, msipoiandika hapo, mwenzenu ataipata wapi mwakani?

Kusafisha historia kunafanyika kabla ya git push, yaani kabla ya kupeleka komiti kwa wenzenu: git rebase -i HEAD~5, mkiunganisha vijikomiti kwa fixup na kurekebisha ujumbe kwa reword. Mkipoteza kitu, git reflog itawaonyesha kilikokuwa. Kwa kawaida Git hutunza kumbukumbu za komiti zilizoachwa kwa siku 30.

Komiti ambazo wenzenu wameshazivuta msizibadilishe. Kosa lifutwe kwa git revert, inayoongeza komiti mpya ya kutengua ile ya zamani. Kwenye tawi lako mwenyewe (mkondo wako wa komiti) ulilokwisha kulipeleka, ukilazimisha git push tumia --force-with-lease badala ya --force, maana hiyo ya kwanza hukataa ikiwa mwenzako ameongeza kazi usiyonayo. Ila ukitangulia kufanya git fetch, yaani kuleta kazi za wenzako, bila kuangalia kilichokuja, kinga hiyo haipo tena.